Tumbo la Nguzo

Daraja ambalo halijatimiza hata miezi minane haliangushwi na maji ya magotini. Colette Umurerwa alimwambia hivyo Commandant Pierre asubuhi na mapema, amesimama mlangoni mwa ofisi na buti zake zimejaa tope. Commandant alimjibu huku akikoroga chai.

"Mama OPJ, mwizi wa simenti iko mu kasho. Camion ya Goma inaondoka saa kumi, inaondoka naye. Kama uko na maulizo, uliza mbele ya saa kumi."

Sasa ilikuwa saa moja na nusu, na afisa huyo wa upelelezi, OPJ kwa kifupi cha Kifaransa, alikuwa amechuchumaa chini ya kilichobaki cha daraja la Nyabura, kwenye barabara inayotoka Kashuga kupitia Kalembe na kuteremkia Walikale. Nguzo ya kushoto ndiyo iliyopasuka. Ilipasuka Ijumaa iliyopita, siku ya soko, ikaangusha mbao na vyuma pamoja na Uwingabire, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa anapeleka maharage Kashuga. Walipofaulu kumtoa chini ya mawe, alikuwa ameshakata roho.

Kabla jua halijazama siku hiyo, kila mtu alikuwa ameshamjua mwuaji. Fundi amekula simenti! Maneno hayo huku Masisi hayadai shahidi. Ukuta wa shule ukilala, fundi amekula simenti. Choo cha kituo cha afya kikididimia, fundi amekula simenti. Mwenye kampuni hali, msimamizi hali, aliyepokea kazi na kutia sahihi hali. Mwenye nyundo na viatu vilivyotoboka peke yake ndiye mwenye meno ya kutafuna mifuko ya saruji. Safari hii fundi aliitwa Habumugisha. Walimkamata kesho yake, wakampitisha sokoni mikono imefungwa nyuma, na tangu hapo hakuna aliyemwuliza swali la maana. Akishapakiwa kwenye lile gari kwa kosa la kuua, ingekuwa miaka kabla mtu hajafungua faili lake tena, kama lingefunguliwa.

Colette alitoa msumari mrefu mfukoni, akakwaruza saruji iliyoshika mawe mawili. Msumari uliacha mstari mwembamba wa kijivu, basi. Akajaribu pengine, kisha chini kabisa, palipolowa. Saruji iliyopunjwa huchimbika kwa ukucha, lakini hii iligoma kabisa.

Akasogea ndani zaidi, kwenye ufa wenyewe. Mawe ya nje ya nguzo yalikuwa meusi, mawe ya volkano yaliyoletwa kutoka upande wa Mubambiro. Lakini tumboni, pale mafundi wanapojaza mawe baada ya kupanga yale ya nje, kulikuwa na mawe ya namna nyingine, meupe yenye wekundu kidogo, yanayometameta. Na yalikuwa yamekatika katikati. Nusu ya jiwe ilibaki imeng'ang'aniwa na saruji upande huu, nusu ya pili imeng'ang'aniwa upande wa pili.

Alitazama jiwe la pili, la tatu, la kumi. Yote yalikuwa hivyo. Kama saruji ingeibiwa, mawe yangeachana mazima mazima. Hapa saruji ilikuwa imeshika mpaka dakika ya mwisho, na jiwe ndilo lililokatika.

"Unatafuta nini tena?"

Sauti ilitoka juu, ukingoni mwa barabara. Alikuwa Shema, baba wa Uwingabire, mkulima wa kilima kile kile, amevaa koti la kanisani ambalo hakulivua tangu mazishi.

"Papa Shema, pole sana."

"Pole nimeshiba. Mwizi iko mu kasho. Mi mwenyewe nilisaini ile karatasi, nikataja jina yake. Sasa unakuja kuchokora mawe yenye iliua mutoto wangu, juu ya nini?"

"Ulimuona akiiba simenti?"

"Bantu bote banajua."

"Sikuulize bantu bote. Nakuuliza weye."

Shema alitafuna midomo. "Ingénieur Léopold njo aliniambia. Alikuja ku matanga, akakaa chini na siye, akalia. Akasema fundi aliuzisha simenti Kalembe."

"Alikuja ku matanga siku gani?"

"Ile ile Ijumaa, jioni. Mutoto alikuwa angali mu nyumba."

Maiti haijapoa, hakuna aliyekagua jiwe hata moja, na msimamizi wa ujenzi ameshafika msibani na jina la mkosaji mdomoni, na machozi juu yake! Colette alimeza hasira yake kwa taabu.

"Papa Shema, ukuje ku kituo saa saba. We njo mwenye kulalamika, uko na haki ya kusikia."

Akatia jiwe jeupe na jiwe jeusi ndani ya gunia, akalibeba begani mwenyewe.

*

Kasho lilikuwa chumba cha mbao nyuma ya kituo, na dirisha lake lilikuwa tundu la kupitishia mkono. Emérita, mke wa fundi, alikuwa amekaa chini ya tundu hilo na sahani ya sombe ya majani ya muhogo iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Walimukamatia ku mulango ya hekalu, Mama OPJ," alisema bila salamu. "Na Biblia mu mukono. Angali anavaa ile shati. Siku ine! Hata mbuzi wanaibadilishia majani."

Colette aliomba mlango ufunguliwe. Polisi wa zamu alifungua, akasema Commandant ametoa dakika kumi tu. Habumugisha alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mipana, na shati lililokuwa jeupe.

"Simenti ngapi kwa mchanga ngapi?" Colette aliuliza.

"Moja kwa tatu. Kwa ndoo. Koleo inadanganya."

"Nani alikuwa anachagua mawe?"

"Mi njo nachagua. Ninagonga kila jiwe na nyundo. Jiwe muzuri inajibu, jiwe mubaya inanyamaza. Nilijifunza Omate, mu mashimo ya dhahabu. Kule mwamba ikinyamaza, unatoka mbio, hauulize."

Colette akampa jiwe jeupe. Fundi aliligeuza, akaligonga kwenye mwimo wa mlango. Lilitoa mlio mfupi, mzito, na vumbi jeupe likamwagika juu ya vidole vyake.

"Hii inatoka wapi?"

"Mu tumbo ya nguzo yako ya kushoto."

Habumugisha alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Hapana! Mi niweke hii? Hii hata mafiga ya bibi yangu sitengeneze nayo! Nguzo yangu ni nyeusi, nje na ndani!"

"Basi nani aliiweka?"

"Sijue." Alikaa chini, akaliweka jiwe mbele ya miguu yake. "Mwezi wa tisa, niliacha tumbo ya ile nguzo wazi, kimo ya kifua. Kurudia, nikakuta imejazwa, imefunikwa simenti laini. Ingénieur anasema, nimekusaidia, tumechelewa. Nikamuambia, mi siwezi jengea juu ya kitu sikuone. Anasema, we ni fundi ao ni ingénieur?"

"Ukafanya nini?"

"Nikajenga," alisema.

"Tarehe ngapi?"

"Tarehe sina. Mi sina cahier ya kuandika, Mama. Cahier iko ya ingénieur."

Polisi wa zamu akatikisa funguo, Colette akaliokota jiwe lake. Dakika kumi zilikuwa zimekwisha, na alichokuwa nacho Colette ni neno la mshitakiwa, ambalo mbele ya Commandant Pierre lilikuwa na uzito wa unyoya.

*

Pembeni mwa kambi ya wakimbizi ya Kashuga, kando ya barabara, wanawake huponda mawe kuwa kokoto. Kila mmoja ana jiwe lake la kukalia, jiwe lake la kupondea, na kipande cha ndala alichokikata tundu na kukivalisha kwenye jiwe analolivunja ili lisimrukie usoni. Kokoto zote za daraja la Nyabura zilitoka mikononi mwao. Hakuna afisa aliyewahi kufikiri kuwauliza chochote, maana mwanamke aliyekimbia vita na kukaa chini kuponda mawe, kwa macho ya wakubwa, ni sehemu ya barabara.

Mkubwa wao aliitwa Nyiraneza. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa mvi na kwa vumbi. Colette alimwamkia, akachuchumaa, akamwaga gunia.

Nyiraneza hakugusa jiwe jeusi. Alichukua jeupe, akaliweka juu ya jiwe la kupondea, akapiga nyundo. Pigo la kwanza lilichana, la pili likaligawa. Akapitisha kidole gumba juu ya uso mpya, akamwonyesha Colette. Kidole kilikuwa na unga mweupe na vipande vyembamba vinavyong'aa.

"Sheria yetu hapa," alisema, "gari ikimwaga mawe, jiwe ya kwanza napiga mie, juu mi njo mukubwa. Halafu inazunguka. Kila mama anapitisha kidole. Kidole ikirudia safi, tunaponda. Ikirudia na magamba, hatuguse."

"Juu ya nini?"

"Inakuwa mchanga mbele ijaze ndoo. Na ile magamba inaingia mu macho. Mama mumoja alibaki na jicho moja." Akainua nusu ya jiwe usawa wa jua. "Angalia. Mbegu zake ni kubwa. Hii moja iko kama jino, hii kama kidole. Nyundo ikipata fashi ya kupita, inapita tu, chwaa! Sasa leta ile ingine."

Jiwe jeusi lilimchukua mapigo tisa. Mara tatu nyundo ilirudishwa juu kama imepiga mpira. Lilipokatika, uso wake ulikuwa na mikunjo, na Colette alipousogeza karibu na macho hakuona mbegu yoyote, weusi mtupu uliobanana.

"Mbegu zake ni ndogo sana, zimeshikana kama ugali yenye ilisongwa vizuri," Nyiraneza alisema. "Nyundo haijue ipitie wapi. Ile nyeupe ni muchele ya jana."

"Mama Nyiraneza, hii jeupe ulikuwa umeiona mbele ya leo?"

Wanawake wawili waliokuwa karibu waliacha kuponda.

"Niliiona. Mwaka jana, wakati ya kupanda maharage, mwezi wa tisa. Gari ilikuja asubuhi, imejaa. Ilitoka ku shimo ya koltani kule juu, ni takataka yao, wanaitupa. Ingénieur mwenyewe alikuwa mbele na dereva. Anasema, muponde. Nikapiga ya kwanza, ikazunguka, tukakatala. Alituita wapumbafu. Akasema, basi ataipeleka nzima nzima ku daraja."

"Ni siku gani? Fikiri vizuri."

Nyiraneza hakuhitaji kufikiri. Alinyoosha nyundo kuelekea mabati yaliyokuwa yanametameta ng'ambo ya barabara, hekalu la Wasabato. "Walikuwa wanaimba. Tulikatala, gari ikaondoka, na siku yote walikuwa wanaimba. Siye tunaenda misa Siku ya Mungu. Siku tunaponda na bale banaimba, ni posho tu."

Posho, yaani Jumamosi. Colette alisimama, akakung'uta sketi. "Utakubali kusema hivi mbele ya Commandant?"

"Alikuwa wapi siku yote hakuniuliza?" Nyiraneza alijibu kwa ukali. "Uwingabire alipitaka hapa kila soko. Alituachiaka maharage mukononi. Andika jina yangu, na andika tulikatala."

Colette aliandika, akamsomea, mama akaweka dole gumba lake lenye vumbi. Halafu akavuka barabara. Kwa mzee wa hekalu aliomba kitu kimoja tu, daftari la mahudhurio ya shule ya Sabato ya mwezi wa tisa, na alilitia mkobani bila kueleza.

*

Ingénieur Léopold alifika kituoni saa saba kamili, shati limepigwa pasi, na makaratasi yake ndani ya bahasha ya plastiki. Shema alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi nje. Ofisi ya Colette ilitengwa na benchi hilo kwa mbao nyembamba tu, na Colette hakumwambia Ingénieur kwamba kuna mtu nje.

"Madame, nakupa vyote," Léopold alianza. "Hii ni rapport ya laboratoire. Tulituma jiwe Goma, wakaliminya ku machine. Matokeo: excellent. Jiwe halina kosa. Kama jiwe iko nzuri na daraja inaanguka, kinabaki nini? Simenti. Na simenti ilikuwa mu mikono ya nani?"

Colette alisoma ile karatasi pole pole. Jiwe lililopimwa lilikuwa jeusi, na aliyepima alikuwa ameandika kwamba chembe zake hazionekani kwa macho.

"Ingénieur, mi nilisoma sheria. Mambo ya chembe hayanihusu," alisema kwa unyenyekevu ambao wenzake wangeucheka. "Unifundishe. Chembe za jiwe, zinafanya nini mu daraja?"

Léopold alitabasamu. Alikuwa mmoja wa wale watu ambao ukiwaomba wakufundishe, wanasahau wako wapi. Akageuza bahasha, akachora.

"Ni leçon ya kwanza kabisa. Lava inatoka inje, inapoa haraka, chembe hazipate muda ya kukomaa. Zinabaki ndogo ndogo, zimeshikana. Ufa ikitaka kupita, kila hatua inakuta mupaka ya chembe ingine. Inageuka, inageuka, inachoka. Njo maana ni nguvu."

"Na zenye kupoa pole pole?"

"Chini ya udongo? Pale chembe zinakomaa, zinakuwa kubwa. Kuko pegmatite, yenye wanachimbamo koltani, chembe moja inaweza pita mukono yako. Chembe kubwa iko na kuta laini ndani yake. Ufa ikiingia pale, inateleza moja kwa moja. Weka mika juu yake, yale magamba yenye kung'aa, ni mbaya zaidi, mika inaachana karatasi kwa karatasi. Na kama maji ilikaamo miaka mingi, zile chembe za wekundu zinageuka udongo mweupe."

"Mutu anaweza kuijaza mu nguzo ya daraja?"

"Étudiant akiniandikia hivyo ku examen, zéro!"

Colette aliyaandika yote, neno kwa neno. Kisha akainama, akatoa nusu ya lile jiwe jeupe chini ya meza, akaliweka juu ya mchoro.

"Hii ilikuwa mu tumbo ya nguzo ya kushoto. Ziko mawe mia na zaidi, zote zimekatika katikati, na simenti ingali inazishika. Chembe zake ni ndogo ao kubwa?"

Ingénieur alilitazama jiwe, akaitazama karatasi ambayo maneno yake yalikuwa yamelala mabichi.

"Fundi," alisema hatimaye. "Ni fundi njo aliweka. Alikuwa anachoka kungoja magari ya Mubambiro. Ona, sikuficha kitu." Akachomoa journal ya chantier, akafungua ukurasa. "Tarehe kumi na ine, mwezi wa tisa. Habumugisha, nguzo ya kushoto, kujaza tumbo. Nimeandika hapa."

"Uliandika siku ile ile?"

"Kila siku, jioni, ku chantier."

"Soma tena, polepole, niandike."

Alisoma tena. Colette akamgeuzia maelezo, Léopold akatia sahihi. Hapo ndipo mpelelezi alipochukua lile daftari la ujenzi, akaanza kulifungua ukurasa mmoja mmoja. Miezi mitano ya kazi mtoni wakati wa mvua, na hakuna hata tone la tope. Hakuna alama ya kidole. Kalamu ilikuwa ile ile, wino ule ule, toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Iko safi sana," alisema.

"Mi ni mutu wa usafi."

"Tarehe kumi na ine ilikuwa siku gani?"

Léopold aliinua mabega. Colette alifungua kalenda ya simu yake, akaisukuma mezani. Ilikuwa Jumamosi. Kisha akaweka pembeni yake daftari la hekalu, kidole chake kikiwa juu ya mstari. Tarehe ile Habumugisha alikuwepo, na si kukaa tu. Yeye ndiye aliyefundisha darasa asubuhi na kuongoza wimbo mchana.

"Ijumaa jua ikizama, huyu mutu hata kuni hapasue," Colette alisema, na sasa sauti yake haikuwa ya mwanafunzi tena. "Kashuga nzima inajua. Weye pia ulijua. Ulichagua posho juu ulijua hatakuwako na nyundo yake kugonga hii takataka. Wamama walikukatalia, ukaipeleka mwenyewe. Halafu daraja ikaanguka, ukakaa chini kuandika journal mupya, ukaweka jina ya fundi kila siku, kila siku, na ukasahau kuruka posho, kitu yenye kila mutoto wa hapa anajua!"

"Madame, punguza sauti."

"Sipunguze! Ulienda kulia ku matanga!"

Léopold alipangusa paji la uso. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Magari yalizuiwa ku barrière ya Mubambiro siku kumi. Wakubwa walikuwa wameshapanga tarehe ya kukata ruban ya kufungulia daraja. Wageni wamealikwa, mabâche ya kivuli yamekodishwa. Ningefanya nini? Na ni tumbo tu, Madame. Nani anaangaliaka tumbo?" Akainama mbele. "Na unajua ile shimo ni ya nani? Ukiandika hiyo jina, wewe njo utapanda camion."

"Taja jina, niandike."

Hakulitaja. Colette akaandika kwamba ameulizwa na amekataa, akaandika na vitisho vyake, akamsomea. Kwa hiyo binti wa watu alikufa ili kitambaa kikatwe kwa tarehe iliyopangwa. Colette alitamani kumpiga yule mtu kwa lile jiwe. Badala yake aliita polisi wa zamu, akamwagiza amkalishe Ingénieur mahali ambapo hatatoka.

*

Saa tisa na nusu gari la Goma lilikuwa linanguruma uani. Commandant Pierre alisoma karatasi zote akiwa amesimama, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kununa.

"Umeniletea matatizo, Mama OPJ."

"Nimekuletea mwenye kuua."

"Ile shimo..." Hakumalizia. Alitia sahihi hati ya kumwachia fundi kwa haraka, kama karatasi inamchoma. "Mutoe kwa nyuma, mu shamba ya mihogo. Bila makelele. Bantu bakiona, bataanza kuuliza."

"Waulize!" Colette alisema. "Mulimupitisha mbele ya soko nzima mukisema ni mwuaji. Hakuna mulango ya nyuma."

Alichukua hati, akaenda kufungua kasho mwenyewe. Habumugisha alitoka akifinya macho kwa mwanga. Emérita alimshika mkono, na wote watatu wakaelekea lango la mbele.

Shema alikuwa amesimama langoni. Mbao za ofisi zilikuwa zimempitishia kila neno, na uso wake ulikuwa umezeeka tangu asubuhi. Wauzaji wa mkaa ng'ambo ya barabara waligeuka kutazama. Emérita alijitia mbele ya mumewe, lakini fundi akamsogeza pembeni taratibu.

"Mi nilisaini jina yako," Shema alisema.

"Najua. Walinisomea."

"Nilisema wakufunge mpaka ufie mule."

"Na hiyo walinisomea."

Shema alifungua mdomo kuomba msamaha, lakini fundi aliinua kiganja.

"Ngoja, Papa. Mbele useme, usikie kwanza. Mi sikuiba, na ile mawe sikuiweka. Lakini nilirudia nikakuta tumbo imefunikwa. Moyo iliniambia, bomoa uone. Ingénieur alinikaripia, nikaogopa watanifukuza, nikajengea juu. Miezi yote nikipita pale, nilikuwa ninajua kuko kitu sikuone. Sikuambie mutu."

Colette aligeuka kumtazama. Hakuna sheria iliyomlazimisha kusema hayo, na Colette hakuwa ameyaandika katika maelezo yoyote. Wauzaji wa mkaa walisikia yote. Haikujulikana kama Shema angempiga yule mtu au angeanguka.

"Yule mwingine alikula chakula yangu, akalia mu nyumba yangu, hakuniambia kitu," alisema mwishowe. Akavuta pumzi. "Uwingabire tulimufunika na udongo tu. Mvua inamufunua. Kesho asubuhi ukuje, umujengee kaburi."